Folda Isiyo na Isnadi



Muhula uliopita nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari hapa Uganda. Kabla sijaondoka chuoni, kaka mmoja aliyetutangulia alinitumia kwa WhatsApp kiungo cha folda ya Google Drive: noti, maandalio ya masomo na mitihani ya zamani ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, vyote vimepangwa kwa madarasa na mada. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Kazi ya wiki nzima nimeipata kwa dakika moja.

Siku ya nne nilifundisha fadhila za elimu. Nikaandika ubaoni kama faili ilivyosema, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema tuitafute elimu hata China. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, nani kaipokea?" Sikuwa na jibu. Jioni nikaifungua tena faili. Haina mpokezi, haina kitabu, haina hata jina la mwalimu aliyeiandaa. Nilipofuatilia, nikakuta Ibnul Jawzi ameitia katika Al-Mawdu'at, kitabu chake cha hadithi za kubuni. Wengine wameipunguzia hukumu wakasema ni dhaifu. Nami nilikuwa nimeinasibisha kwa Mtume bila wasiwasi wowote.

Je, kosa ni la nani? La aliyeandika, la aliyenitumia, au langu?

Mwenzangu mmoja aliniambia: "Aliyeandaa alitaka thawabu, si sifa. Jina lake la nini?" Hoja hii ina uzito. Walimu wetu wengi wana kitabu kimoja kwa darasa zima, na anayewagawia noti bure anatoa sadaka. Mwenye kazi ana haki ya kuficha jina lake akitaka ikhlasi. Lakini jina katika isnadi halikuwekwa kwa ajili ya sifa. Liliwekwa ili kosa likitokea tujue limeingilia wapi. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwezi mzima kwenda kwa Abdullah bin Unais kwa ajili ya hadithi moja tu. Imam Bukhari naye alipanga hadithi zake kwa vitabu na milango, kama sisi tunavyopanga folda, ila kila hadithi ya msingi aliiacha na watu wake. Kupanga hakukumfanya asahau kuuliza.

Basi aliyeandaa anaweza kulisamehe jina lake, lakini mimi ninayepokea na kupitisha siwezi kumsamehea. Haki ile ni ya mwanafunzi anayeniamini.

Tena kosa langu halikuishia darasani. Folda ile nilikwisha kuituma kwa wenzangu sita. Niliwaandikia wote, wanne wamejibu. Wawili sijui wamefundisha nini, na hilo linanikosesha raha.

Kesho yake nilirudi darasani nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea, nikamshukuru yule binti. Sasa kila faili ninayoihifadhi naiandika juu: imetoka kwa nani, kwa kitabu gani, nani ameihakiki. Nisipojua, naandika "haijahakikiwa." Ni dakika mbili tu, ndugu yangu. Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize swali la yule binti.

Wabillahi tawfiq.