Kadi Tupu na Amri ya Saba



Jumapili moja baada ya Misa hapa Kahama, mdogo wangu mmoja wa VIWAWA aliniuliza: "Kaka, nichukue kadi gani ya kulipia ile programu ya kutengeneza mabango ya kwaya?"

Nilimjibu haraka, maana mambo hayo nayajua. Kadi ya benki yenye Visa au Mastercard inafaa, ila imeungana na akaunti yako yenye akiba yote. Kadi ya mtandaoni unayoifungua kwenye simu, kama ya M-Pesa au Airtel Money, inagusa fedha ulizotenga humo tu. Mwizi akipata namba zako, hapati ada ya chuo. Bei nyingi ziko kwa dola, kwa hiyo weka na ziada kidogo.

Kisha nikaongeza huku nacheka: "Siku za bure zikiisha, acha kadi tupu. Wakija kukata, hawakuti kitu. Fungua imeili nyingine, unaanza upya. Mimi nafanya hivyo kila mara."

Yeye hakucheka. "Sasa kaka, hiyo si wizi?"

Nikajitetea: kampuni ni tajiri, iko ng'ambo, na bei yake haikupangwa kwa kipato cha kijana wa Kahama. Hilo la bei ni kweli, wala si dogo. Lakini usiku nikawaza mzani. Sisi wa huku tunajua uchungu wa mzani. Mchimbaji mdogo anatoka shimoni na dhahabu yake, mnunuzi anachezea mzani. Mkulima wa mpunga analazimishwa kufunga lumbesa. Tunakasirika, na ni haki yetu. Je, mzani wa uongo unakuwa halali ukishikwa na maskini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi lazima zitimizwe, na mikataba iheshimiwe kama ilivyokubaliwa kwa haki. Nilipobonyeza "nakubali", nilitoa neno langu. Na kila imeili mpya ilikuwa inasema mimi ni mtu mwingine. Hapo nilikuwa nimegusa amri ya saba na ya nane kwa kidole kimoja.

Tusichanganye mambo, lakini. Kuweka fedha kidogo kwenye kadi ni busara. Kujaribu siku za bure mara moja, ukaona haikufai, ukafuta usajili kabla ya tarehe, ni halali kabisa. Wao wenyewe wamekukaribisha. Kosa linaanzia pale unapoingia ukiwa tayari umeamua kudanganya. Kama huna uwezo, tumia toleo la bure, au changeni kama kikundi pale masharti yanaporuhusu.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda sana kompyuta na michezo yake. Hata hivyo alijiwekea kucheza PlayStation saa 1 tu kwa wiki. Hakungoja umeme ukatike ndipo aache. Alisema "hapana" mwenyewe. Mimi nilikuwa naiachia kadi tupu iseme "hapana" kwa niaba yangu, kwa sababu sikutaka kusema ukweli.

Wiki ile nilifunga zile akaunti za majina ya bandia, nikaenda kwenye kitubio, nikalipia mwezi mmoja kwa jina langu halisi. Iliniuma mfukoni, sifichi. Mwezi uliofuata sikuwa na hela, nikafuta usajili mwenyewe, nikarudi toleo la bure. Mabango ya kwaya bado yanatoka.

Halafu nikampigia mdogo wangu simu: "Ile kadi ni nzuri, chukua. Ule ushauri wangu mwingine, uache."

Ee Bwana, utujalie neno letu liaminike hata pale ambapo hakuna anayetuona. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.