Damu ni Amana: Je, Yalazimu Kusema Kabla ya Nikaha?

 

Katika darasa yetu ya baada ya sala ya Isha tuliulizwa suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule, wala hatukutaka kulijibu kwa haraka. Mzee mmoja alisema: "Sheikh, binti yangu ameposwa. Ndugu yake mdogo ana ugonjwa wa selimundu, huu waitwao sikoseli. Binti mwenyewe ni mzima, walakini alipopimwa hospitali aliambiwa kuwa anayo chembe ya ugonjwa huo katika damu yake. Je, yanilazimu kuwaambia wakwe khabari hii, au niisitiri, kwani Waislamu tumeamrishwa kusitiriana?"

Waliokuwapo waligawanyika. Wengine walisema asitiri, kwani binti ni mzima na posa ikivunjika haijengeki tena. Wengine walisema kupima damu ni kutaka kuipeleleza kadari ya Mwenyezi Mungu. Na mmoja, Mola amsamehe, alisema kuwa ugonjwa huu ni wa watu wa mashamba. Katika nasaba za watu wa mji haumo. Tumeona suala hili lastahiki jawabu la kuandikwa, kwani si la mzee yule peke yake. Ni la kila nyumba kutoka Mtwapa hata Mambrui.

Maulamaa wa usuli wametufunza kuwa kitu hakihukumiwi mpaka kifahamike. Basi na tuanze kwa kuufahamu ugonjwa wenyewe.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kuichukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kwa aliye mzima chembe hizi ni duara na laini, nazo hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Kwa mgonjwa, hemoglobini ikishaitoa ile hewa hushikamana yenyewe kwa yenyewe, na chembe ikapinda mfano wa mundu, ikawa ngumu, ikakwama njiani. Hapo ndipo hutoka yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha. Chembe hizo hufa mapema, ndiyo maana damu hupunguka na macho huwa manjano. Wengu nao huharibika, na mtoto akawa hana ngome ya kumkinga na vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba vidole vya mikono na miguu.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na jicho wala pepo. Hurithiwa, na hurithiwa kwa wazazi wawili. Kila mtu amepewa sehemu mbili za maagizo ya kuifanya hemoglobini: moja kwa babake, moja kwa mamake. Mwenye moja iliyo na kasoro na moja iliyo sawa si mgonjwa. Ni mchukuzi tu, naye huishi umri wake kama watu wengine. Lakini mchukuzi akioa mchukuzi, basi katika kila mimba, na tunasisitiza neno hili kila mimba, fungu moja katika manne ni kupata mtoto mgonjwa, mawili ni kupata mchukuzi, na moja ni kupata asiye na kitu. Si kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa watatu wafuatao wamesalimika. Hili ni kosa tulilolisikia kwa wengi. Shilingi ukiirusha haikumbuki ilivyoanguka jana.

Na kwa nini iwe huku kwetu? Mwaka 1949 alipita Kenya kijana mtaalamu, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa katika nchi hii, akizipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Alikuta wachukuzi ni wengi pwani na kando ya ziwa la Nyanza, na katika milima ya bara ni wachache mno. Akajiuliza kuna nini kinachozikutanisha pwani na ziwa na kisichokuwako milimani, akaona kuwa ni malaria. Mwaka 1954 alitangaza kuwa chembe hii moja humkinga mwenye kuichukua na malaria. Utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanzishwa Kilifi mwaka 1989, umelithibitisha jambo hili kwa watoto wetu wenyewe: katika malaria kali, ile yenye kuua, mchukuzi hukingwa kiasi cha mara tisa katika kumi. Basi waliokuwa nayo wamesalimika, wakazaa, wakarithisha. Hivi leo katika wilaya za Kilifi takriban mtu mmoja katika kila saba ni mchukuzi, na katika kila watoto elfu wanaozaliwa, wanane hivi ni wagonjwa.

Na si hiyo tu. Zaidi ya nusu ya watoto wa Kilifi wana tofauti nyengine ya damu, iitwayo thalasemia ya alfa, nayo pia hupunguza ukali wa malaria. Walakini mwaka 2005 wataalamu wa Kilifi walitoa khabari ya ajabu: zikikutana hizi mbili katika mwili wa mtoto mmoja, kinga karibu yote hutoweka. Kila moja peke yake ni ngao, na zote pamoja huwa kama hakuna kitu. Mwenye akili na azingatie. Kitu ambacho kwa mmoja ni rehema, kwa ndugu yake ni mtihani. Vipi basi tutakiita laana? Na aliyeokolewa na malaria kwa damu hii, kwa haki gani atamcheka aliyeumizwa na damu iyo hiyo?

Ama kauli ya kwamba maradhi haya hayamo katika nasaba za watu wa mji, hiyo ni kiburi kilichovikwa kanzu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya kuipima mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, na Mtwapa yetu ni mojawapo. Yalionyesha kuwa tangu kiasi cha miaka elfu iliyopita wakaazi wa miji hiyo walikuwa mchanganyiko: upande wa kina mama wengi wao ni wa asili ya Afrika, na upande wa kina baba wengi wao walitoka Uajemi. Basi mama zetu ni wa nchi hii, na damu zao ndizo damu zetu. Na hata mtu akiikimbilia asili ya ng'ambo hatapata pa kujificha, kwani selimundu iko Oman, iko mashariki ya Saudia, na iko Bara Hindi. Dini imekwisha kutuambia kuwa sote ni wa Adamu na Adamu ni wa udongo. Haikutuhitajia kungoja mifupa iseme, lakini mifupa nayo imesema.

Hapa yatulazimu tuseme kosa letu kabla ya kuyasema ya watu. Miaka kumi na mitano hivi iliyopita mama mmoja alituletea mtoto aliyevimba mikono na miguu, analia asibembelezeke. Sisi hatukumuuliza kama amekwenda hospitali. Tuliandika kombe kwa zaafarani, tukamwambia amnyweshe siku saba na asubiri. Alirudi mara mbili, nasi mara mbili tukaandika. Mara ya tatu alikuja babake, akatuomba tukamsalie maiti. Hatusemi kuwa dua haina faida. Twasema kuwa tulimfanya yule mama aamini kuwa dua na daktari ni milango miwili asiyoweza kuingia yote. Hilo ni deni letu, na makala haya ni sehemu ya kulilipa.

Sasa turudi kwenye hoja za wale waliokhitilafiana.

Wanaosema kuwa kupima ni kupingana na kadari tunawakumbusha kisa cha Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari na kuingia katika kadari. Mfugaji mwenye mabonde mawili, moja kavu na moja lenye majani, akilisha katika lenye majani hakuikufuru kadari. Nahodha wa jahazi hutawakali, lakini hatweki tanga kabla ya kuutazama upepo.

Hoja ya sitara ni nzito zaidi, na mwenye kuisema alikusudia wema. Walakini tuitazame vizuri. Sitara ni kuifunika aibu, na kuichukua chembe hii si aibu. Hakuna aliyeitafuta wala aliyeikosea. Tukisema isitiriwe, tumekwisha kuihukumu kuwa ni aibu. Tena sitara ina mpaka: haiwi sitara ikiwa inamdhuru mwengine, na kanuni yetu ni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Nani atadhurika hapa? Si mume, kwani hatapata ugonjwa. Atakayedhurika ni mtoto. Katika baraza la nikaha kuna walii, kuna mashahidi wawili, kuna mwenye kuozesha. Kila mwenye haki ana wa kumsemea, illa yule atakayezaliwa. Yeye hana wakili isipokuwa ukweli wa wazazi wake. Ndiyo maana tumesema damu ni amana: hatukuinunua wala hatuimiliki, tumeipokea ili tuipeleke kwa wengine.

Basi jawabu letu kwa mzee yule ni hili: ndiyo, na wajue. Lakini yawe baina ya wanaooana na mawalii wao, yasipelekwe barazani yakawa khabari ya mji. Kumweleza mwenye haki ni amana. Kumweleza asiyehusika ni kusengenya.

Na suala lenyewe, tulipolifikiri zaidi, tuliliona lina nusu tu. Mzee aliuliza khabari za binti yake, nasi sote tukazungumza khabari za binti yake, wala hapana hata mmoja wetu aliyeuliza: Na bwana harusi amepimwa? Ikiwa yeye hanayo chembe hii wala kasoro nyengine ya hemoglobini, ndoa hii haitazaa mgonjwa wa selimundu. Baadhi ya watoto watakuwa wachukuzi kama mama yao, basi. Huo wasiwasi wote wa wakwe ungeondoka kwa tone moja la damu ya kijana. Hii ndiyo dhulma ya miji yetu: mtoto akiugua hulaumiwa mama, posa ikivunjika huvunjiwa msichana, ilhali nusu ya jambo yatoka kwa mwanamume. Wapimwe wawili, au asiaibishwe mmoja.

Na wote wawili wakikutwa ni wachukuzi? Hatuwezi kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Serikali ya Saudia tangu mwaka 2004 imelazimisha kupimwa kabla ya ndoa kwa ajili ya maradhi haya, walakini khiari imewaachia wenyewe. Nasi twasema vivyo. Wakiachana kwa kuhofia watoto hawakukosea, na wakioana kwa kujua hawakukosea. Kosa ni kuingia kwa upofu uliokuwa na dawa. Wala mtu asidhani kuwa kumwacha mtoto wa ami na kuoa mbali kunatosha. Wa babu mmoja ni kweli huenda wakarithi chembe moja, lakini katika nchi ambayo mmoja katika saba ni mchukuzi, mgeni naye huenda akawa nayo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa hemoglobini ya mgonjwa husafiri mbali na ya mzima zikipitishiwa umeme, na kwa njia hiyo hujulikana nani mgonjwa na nani mchukuzi. Mtu asitosheke na kile kipimo cha kutazama tu kama chembe zinapinda, kwani hicho hakiwatengi wawili hawa. Na anayezaliwa katika nyumba yenye ugonjwa apimwe angali mchanga, asingojwe mpaka avimbe. Akijulikana mapema hupewa penisilini na chanjo ya nimonia, na hukingwa na malaria, ambayo kwa mgonjwa ni khatari kubwa, tofauti na mchukuzi. Na iko dawa ya haidroksiurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake pamoja na Angola, Kongo na Uganda, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kutiwa damu, na vifo.

Ama sisi tunaoozesha, yatupasa kabla ya kuuliza mahari ni kiasi gani tuwaulize wawili hao kama wamepimwa. Suala hili moja halimpunguzii mtu imani. Na mama akituletea mtoto aliyevimba vidole, tumwombee, kisha tusimame tumsindikize mpaka mlango wa hospitali.

Hili ndilo tulilolifahamu. Likiwa la sawa latoka kwa Mwenyezi Mungu, na likiwa na kosa latoka kwetu. Wallahu aalam.