Kidonge, Yai na Majaliwa: Tiba ya Kupevusha Mayai na Imani za Watu wa Karagwe na Kyerwa

Imani kwamba mtoto hutoka kwa Mungu ni kongwe Karagwe kuliko kanisa na msikiti. Wanyambo, wenyeji wa nchi iliyotawaliwa zamani na ukoo wa kifalme wa Wahinda na ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, walimjua Ruhanga kuwa Muumba, na katika kubandwa, yaani ibada ya mizimu ya Wachwezi iliyoenea katika falme nyingi za Maziwa Makuu, haja ya kupata uzazi ilikuwa miongoni mwa mambo makuu yaliyowapeleka wanawake kwa waganguzi. Uislamu uliofika na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na kituo chao Kafuro katika karne ya 19, na Ukristo uliofuata, haukuiondoa imani hiyo bali uliipa maandiko. Kwa hiyo daktari anapomwandikia mwanamke wa Kayanga au wa Nkwenda vidonge vya kupevusha mayai, linazuka swali lisilojibiwa na duka la dawa: je, binadamu anayeliamsha yai lililolala anaipokea kazi ya Muumba, au anamnyang'anya?

Swali hilo halijibiki kabla ya kufahamu dawa yenyewe hufanya nini. Katika kila mzunguko, tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni, yaani kemikali zinazopeleka maagizo ya mwili kupitia damu, na homoni hizo huifanya ovari ikuze yai ndani ya kifuko cha majimaji mpaka lipevuke na kutoka. Kwa baadhi ya wanawake mpangilio huo huvurugika, hedhi zikawa za kurukaruka na ovari zikajaa vifuko vidogo visivyokomaa. Klomifeni, ambayo matumizi yake katika tiba hii yaliripotiwa kwanza mwaka 1961, huuzuia ubongo usiitambue homoni ya estrojeni, nao ubongo, kana kwamba estrojeni imepungua, huongeza maagizo kwa ovari. Letrozoli, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, hufikia lengo hilohilo kwa kupunguza utengenezaji wa estrojeni yenyewe. Dawa zote mbili ni za cheti cha daktari, na humezwa kwa siku tano mfululizo mwanzoni mwa mzunguko. Baadaye mwanamke hulala kitandani kwa ajili ya altrasaundi, na mtaalamu hukitafuta kwenye kioo kile kifuko cheusi cha mviringo na kukipima, kwa kuwa kikikaribia milimita 20 yai huwa limekaribia kutoka.

Katika maelezo hayo yote hakuna mahali ambapo dawa inaumba kitu. Mayai hayo mwanamke alikuwa nayo tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake, na njia ambayo dawa inaipitia ni ileile ambayo mwili huipitia unapokuwa mzima. Tena dawa haimtoi mtoto kwa amri ya daktari. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliowahusisha wanawake 750 wenye ovari za vifuko vingi, waliojifungua mtoto hai baada ya kutumia dawa kwa hadi mizunguko mitano walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Kwa wengi yai lilitoka, lakini mtoto hakuja. Mwenye kuogopa kwamba kidonge kimechukua nafasi ya Mungu anakikweza kidonge kupita uwezo wake.

Mapokeo ya dini yanaafikiana hapa kuliko waumini wengi wanavyodhani. Kanisa Katoliki, lenye hospitali za Nyakaiga na Isingiro katika eneo hili, linakataa utungishaji wa mimba nje ya mwili, na lilieleza sababu zake katika waraka wa *Donum Vitae* wa mwaka 1987. Lakini waraka wa *Dignitas Personae* wa mwaka 2008 unazitaja waziwazi tiba za homoni miongoni mwa njia halali, kwa kuwa zinaondoa kizuizi na kuliachia tendo la ndoa nafasi yake. Katika Uislamu, Kurani katika sura ya 42 inafundisha kwamba Mungu humjalia amtakaye watoto wa kike au wa kiume na humfanya amtakaye kuwa tasa, lakini mafundisho ya Mtume yanahimiza kutafuta tiba, na wanazuoni wa Al-Azhar tangu mwaka 1980 wameruhusu hata utungishaji wa maabara maadamu mbegu na yai ni vya mume na mke walio katika ndoa. Kwa Wakristo wote, Walutheri wa Nyakahanga wakiwemo, iko habari ya Raheli katika Mwanzo 30, aliyezitaka tunguja za shambani zilizoaminiwa kuleta uzazi: maandiko hayamlaumu kwa kuzitaka, wala hayasemi kwamba tunguja ndizo zilizompa Yusufu, bali Mungu ndiye aliyemkumbuka.

Historia ya dawa hizi ina jambo jingine la kutafakari. Homoni za sindano za kupevusha mayai, ambazo huitwa gonadotropini, zamani zilipatikana kwa kuchuja mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, na sehemu kubwa ya mkojo huo ilitoka kwa watawa wazee wa Italia, waliokubali kuutoa baada ya daktari Bruno Lunenfeld na kampuni ya Serono kuomba msaada huo. Mtoto wa kwanza wa tiba hiyo alizaliwa Israeli mwaka 1962. Wanawake walioweka nadhiri ya useja waliwasaidia wanawake wa mbali, wengine wa dini nyingine, kuwa mama. Ni vigumu kuona dhambi katika sadaka ya namna hiyo.

Basi uhalali wa dawa si fumbo kubwa. Lililo zito zaidi ni namna inavyotumiwa, na hapo dini zina neno la kusema ambalo bado hazijalisema kwa sauti ya kutosha. Ndoa haimpi mtu haki ya kudai mtoto, kwa kuwa mtoto ni mtu na mtu hadaiwi kama mahari. Anachopewa mgonjwa na ubinadamu wake ni haki ya kutibiwa, nayo tiba huanza kwa kujua ugonjwa. Tofauti hiyo ikisahauliwa, kidonge huwa chombo cha kumlazimisha mwanamke azae, badala ya kuwa msaada kwake. Kati ya mimba 100 zinazotokana na klomifeni, tano hadi kumi huwa za mapacha au zaidi, na kwa sindano uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Kato na Nyakato ni majina ya mapacha yenye heshima mkoani Kagera, na mapacha hupokewa kwa furaha. Hata hivyo, mimba ya mapacha huleta mara nyingi zaidi watoto njiti, shinikizo la damu na upasuaji, na fiqhi ya Kiislamu sawa na maadili ya Kikristo inakataza kusababisha madhara yanayoepukika. Kumpa mwanamke dawa mahali ambapo hakuna altrasaundi wala njia ya haraka ya kufika hospitali ni kumtwika mzigo ambao hakuulizwa kama anaukubali.

Kosa kubwa zaidi ni kumnywesha dawa mwanamke asiyeihitaji. Nchi jirani ya Buhaya iliwahi kuwashughulisha watawala wa kikoloni kwa uzazi wake mdogo uliohusishwa na magonjwa ya zinaa, hata wanaanthropolojia Audrey Richards na Priscilla Reining wakauchunguza pamoja na ule wa Buganda katika ripoti iliyotoka mwaka 1954. Maambukizi hayo huziba mirija ya uzazi, na mirija iliyoziba haifunguliwi na klomifeni, hata yai lipevuke kila mwezi. Aidha, katika takriban nusu ya ndoa zenye ugumba, yaani zilizokaa miezi 12 bila mimba ingawa wanandoa wanakutana mara kwa mara na hawatumii kinga, mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kumpima si kazi ngumu: hujizuia kwa siku mbili hadi saba, hutoa shahawa katika kikopo safi, na kama ametoka nyumbani hukiweka karibu na mwili kisipoe mpaka akifikishe maabara ndani ya saa moja. Pamoja na wepesi huo, mke ndiye anayemeza vidonge mzunguko baada ya mzunguko, ndiye anayenyoshewa kidole na wakwe, na ndiye anayeletewa mke mwenza, huku mumewe hajawahi kupimwa. Tiba ya namna hiyo ni ushahidi wa uongo uliotolewa kwa mkono wa daktari, na amri inayokataza ushahidi wa uongo inaihusu.

Mapadre, wachungaji na masheikh wanaofundisha wachumba katika wilaya hizi mbili wanayo nafasi ya kulisema hili kabla ya harusi, na hospitali zilizo chini ya makanisa zina wajibu ulio wazi: kidonge cha kwanza cha kupevusha mayai kisiandikwe kabla mume hajapimwa.