Kosa Liko Katikati

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 2000 tunazijua zile kelele za modemu kupitia video za kuchekesha tu. Lakini haikuwa kelele tupu. Miaka ya tisini, ukitaka intaneti nyumbani, modemu yako ilipiga simu, kweli kabisa, kupitia laini ya mezani. Modemu nyingine katika kampuni ya intaneti ikapokea, na hizo mbili zikaanza kuulizana: unanisikia vizuri? Laini ina mikwaruzo? Tuongee kwa kasi gani?

Sasa swali langu ni hili: mazungumzo hayo yakivunjika, na kila upande unaapa uko sawa, nani abebe mzigo wa kurekebisha?

Mwaka 1997 swali hili lilikuwa na uzito wa pesa. Modemu zilizokuwepo zilifika biti 33,600 kwa sekunde. US Robotics wakaleta teknolojia yao, x2, iliyoahidi 56,000. Rockwell na Lucent wakaleta yao, K56flex, yenye ahadi ileile. Shida ni kwamba hizo mbili hazikuelewana. Ukinunua ya x2 na kampuni yako ya intaneti iko upande wa K56flex, unarudi kwa kasi ya zamani, na pesa zimeenda. Ndovu wawili wakisongana, unajua ziumiazo.

Februari 1998, wataalamu wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, wakakubaliana kuhusu kanuni moja, V.90. Modemu nyingi za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu inayofutika, kwa hivyo ungeweza kubadilisha programu iliyo ndani yake bila kununua nyingine. Ungedhani hadithi imeisha. Wapi! Kanuni ni maandishi, na kila kiwanda kilikuwa na wahandisi wake walioyasoma na kuandika programu yao wenyewe. Basi modemu A inaongea na B bila shida. Ikiongea na C, inakata baada ya dakika chache. Lakini hiyo C ukiipa D, zinaelewana vizuri tu. Kwani nani mkosaji? Pima kila moja peke yake, inafaulu. Kosa halionekani ndani ya A wala ndani ya C. Linaonekana zinapokutana.

Aliyeumia alikuwa mteja. Anapiga simu kuuliza, kampuni ya intaneti inasema ni modemu yako. Waliotengeneza modemu wanasema ni laini yako. Kampuni ya simu inasema laini yetu inabeba sauti vizuri, wewe huongei na kusikika? Na yote matatu yanaweza kuwa kweli. Mteja anabaki kubadilisha kitu kimoja kimoja: waya, tundu la ukutani, kompyuta, nambari anayopiga. Mwishowe mtu anamwonyesha amri fupi inayoanza na AT, ya kuiambia modemu isahau V.90 itumie kanuni ya zamani, V.34. Simu inatulia. Ati tatizo limeisha.

Limeisha? Amelipia kasi moja, anatumia nyingine, na hitilafu iko palepale. Dawa yenyewe, yaani programu mpya, ilibidi aipakue kwa laini hiyohiyo inayokatika. Na stima ikipotea programu ikiandikwa, modemu ingeweza kufa kabisa.

Nilipokuwa chuoni, alama zangu za somo moja zilipotea. Mtihani nilifanya, karatasi ya mahudhurio niliweka sahihi. Idara ikasema alama ilituma. Ofisi ya mitihani ikasema haikupokea. Watu wa kompyuta wakasema mfumo unafanya kazi. Hakuna aliyenidanganya, nadhani. Kisha nikashauriwa, kwa upole sana, nirudie somo. Chuo niliacha baadaye kwa sababu nyingi, karo ikiwemo, lakini ushauri huo nimeufikiria kuliko yote niliyofundishwa. Ulikuwa ile amri ya AT: punguza kasi wewe, sisi tutulie.

Tumezoea kuuliza "nani alikosea?" kana kwamba jibu lake ndilo linalotuonyesha wa kurekebisha. Lakini kuna makosa yasiyo na mwenyewe, na ukingoja mwenyewe apatikane, mzigo unamwangukia mnyonge, kwa sababu yeye peke yake hana wa kumsukumia.

Mtu atasema: si haki kumbebesha asiyekosea. Kampuni ya intaneti ilinunua vifaa vizuri, mbona igharamikie modemu ya bei rahisi ya mtu mwingine? Hoja ina nguvu. Lakini angalia nani anaona nini. Mteja anaona simu moja inayokatika, yake, na anaweza kudhani ni bahati mbaya. Kampuni inapokea simu za maelfu. Yenyewe tu ndiyo inayoweza kusema: kumbe wote wanaokatika wana modemu ya aina moja. Na ikimwandikia mtengenezaji, itasikika kuliko mteja mmoja. Vilevile mwanafunzi anaona alama zake tu, ofisi inaona orodha nzima.

Kwangu, wajibu unatokana na mahali uliposimama kabla ya kutokana na hatia. Anayeona pande zote mbili, na ana mkono wa kuzifikia, ndiye aanze, hata kama hakukosea chochote. Kusema "kwangu kuko sawa" kunaweza kuwa ukweli mtupu, na bado ukawa umemwacha mtu njiani.