Usingizi Usio Usingizi

Kiswahili kina maneno mawili ya kumwambia mgonjwa anayengojea kupasuliwa: atapewa dawa ya usingizi, ama atapigwa nusukaputi. Ganzi tuiache kando, kwani hiyo hufisha hisia za kiungo na mwenyewe yu macho, kama mama anayepasuliwa akakisikia kilio cha kwanza cha mwanawe.

Nusukaputi ni neno la machotara. Nusu tuliipata kwa Waarabu. Kaputi kwa Wajerumani, wale wale waliojenga Boma la Arusha ambalo leo ni makumbusho. Maana yake ni kuharibika, kufa. Wengi hulikimbia neno hilo, wakachagua usingizi, kwa kuwa usingizi ni neno la huruma. Swali langu ni hili: je, huruma hiyo ni haki?

Aliyelala ukimfinya huamka. Kitu kikimwingia njia ya hewa hukohoa. Aliyetiwa dawa hafanyi hili wala lile. Akiongezewa dawa ya kulegeza misuli, hata pumzi si yake tena: huvutiwa na mashine, au na mkono wa mtu. Ndiyo sababu ya lile agizo la kutokula, kwa kawaida kwa muda wa saa 6 kabla ya kupasuliwa. Kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni, na mgonjwa akafa.

Sasa mfikirie mama wa Elerai, katika jiji la Arusha, ambaye mwanawe atapasuliwa asubuhi. Ameambiwa tu kwamba mtoto atalala kidogo. Mama gani humlaza mtoto na njaa? Atamnywesha uji kwa siri, na mapenzi yake ndiyo yatakayomhatarisha mwana. Hapo neno tamu limetenda ambalo neno chungu lisingetenda.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba hofu nayo ni maradhi, na kwamba dawa hii ni rehema. Ni rehema kweli. Kabla ya William Morton kuonyesha matumizi ya etha mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, wengi waliopasuliwa walishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya mpasuaji ilikuwa haraka yake. Sisemi basi mgonjwa atishwe. Nasema aambiwe ukweli mzima, na ukweli mzima una faraja yake: wakati yeye hajijui, yupo mtu aliye macho kwa niaba yake, anayehesabu mapigo ya moyo na kuilinda pumzi mpaka fahamu zirudi.

Hiyo ni amana, tena kubwa kuliko fedha na dhahabu. Na amana ina sharti lake la kale: anayeiweka ajue anaweka nini, na kwa nani. Aliyedanganywa kwamba analala tu hakuweka amana. Amechukuliwa pumzi yake bila kuulizwa, hata kama amerudishiwa salama.