Faulo ya Makusudi

Mtu akivunja kanuni waziwazi, akatangaza mwenyewe kwamba ameivunja, kisha akapokea adhabu yake bila kunung'unika, je, amefanya ubaya wowote?

Darasani, ambako nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, swali hili hutupeleka moja kwa moja kwa watu wakubwa waliovunja sheria dhalimu wakaenda jela vichwa juu. Mimi nimelikuta kwenye meza ya pool, na naona huko ndiko linakouma zaidi. Pale hakuna sheria dhalimu ya kumtetea mvunjaji. Anavunja ili ashinde, basi.

Ilikuwa kwenye baa moja Dar es Salaam. Nilikuwa nacheza na dereva mmoja wa bodaboda anayeegesha pikipiki yake jirani na hapo, na tulikubaliana kwamba atakayefungwa atanunua soda. Nilibakiwa na mpira mmoja, umekaa mdomoni kabisa mwa shimo, halafu mweusi. Yeye alikuwa na mitatu na hakuwa na njia nzuri ya kupiga hata mmoja. Akapaka chaki, akainama, akaupiga mpira mweupe taratibu ukaja kuugonga mpira wangu. Mpira wangu ukatoka mdomoni mwa shimo, ukaenda kuganda ukingoni mwa meza. Hiyo ni faulo, kwa kuwa mpira wa kwanza kuguswa lazima uwe wa kwako. Akasimama wima akaniambia, "Nimefaulo, dada. Una mbili." Yaani nipige mara mbili mfululizo, ndiyo adhabu ya meza ile.

Pigo la kwanza nililitumia kuubandua mpira ukingoni, la pili nikakosa. Akamaliza yake yote, akamaliza na mweusi. Waliokuwa wakitazama waligawanyika. "Huo uhuni!" alisema mmoja. Mwingine akamjibu, "Uhuni gani? Si kampa mbili?" Nilikuwa na hasira, lakini kila nilipotafuta hoja ya kuisimamisha hasira yangu, sikuipata. Hakunidanganya wala hakunificha kitu. Wahenga wanasema dawa ya deni ni kulipa, naye alilipa papo hapo.

Nilikwenda kwenye kanuni zilizoandikwa nikitafuta hukumu, nikakuta nazo zina mitazamo miwili. Kanuni za shirikisho la pool la dunia, WPA, haziulizi nia yako. Ukifaulo katika pool ya mipira 8 au ya mipira 9, mpinzani anauchukua mpira mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka mezani. Umekusudia au umeteleza, bei ni hiyo hiyo. Katika pool ya 14.1, ambamo kila mpira unaoingia ni pointi 1, faulo ya kawaida inakukata pointi 1, na wachezaji wazoefu hufaulo kwa makusudi kabisa, wakiona ni heri kupoteza pointi 1 kuliko kumfungulia mpinzani meza nzima. Kanuni zinalijua hilo, ndiyo maana faulo ya 3 mfululizo inakatwa pointi 15 zaidi. Kinachohesabiwa kuwa utovu wa uanamichezo ni kitu kingine: kwa mfano, kuisogeza mipira kwa njia isiyo pigo halali la zamu yako, au kumvuruga mwenzako anapopiga.

Snuka inafuata mtazamo wa pili. Huko faulo inampa mpinzani kuanzia pointi 4 hadi 7, lakini hadithi haiishii hapo. Unatakiwa kujaribu kwa uwezo wako wote kuugonga mpira unaopaswa kuugonga. Mwamuzi akiona hukujaribu ipasavyo, mpinzani anaweza kutaka mipira irudishwe ilipokuwa, nawe upige tena. Kwa macho ya snuka, kulipa hakutoshi. Unadaiwa pia juhudi ya kweli.

Mitazamo hii miwili ipo hata kwa wanafalsafa. Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kufuata lengo kwa njia zile tu ambazo kanuni zinaruhusu, ukizikubali kanuni hizo kwa sababu bila hizo mchezo wenyewe haupo. Ukiifuata fikra hiyo hadi mwisho, anayefaulo kwa makusudi ameacha kucheza hata kama fimbo bado iko mkononi. Fred D'Agostino alijibu fikra za aina hii mwaka 1981 kwa kusema kwamba mchezo hauishi katika kanuni peke yake. Una desturi zake pia, ambazo wachezaji wanazishiriki, na ndizo zinazoamua uvunjaji upi unavumilika na upi unauvunja mchezo wenyewe. Kwenye meza yetu ugomvi ulikuwa huo huo: wapo waliomhukumu dereva kwa kanuni, wapo waliomhukumu kwa desturi.

Nilitaka kuishia kwa D'Agostino, lakini kuna utafiti mmoja ulionizuia. Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliuchapisha mwaka 2000. Walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto nchini Israeli, ambako baadhi ya wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Katika vituo 6 wazazi wachelewaji wakaanza kutozwa faini. Uchelewaji haukupungua, uliongezeka. Faini ilipoondolewa, haukurudi ulipokuwa mwanzo. Zamani mzazi aliyechelewa alikuwa akimkosea mwalimu. Sasa alikuwa akinunua muda, na mtu haoni haya kununua.

Hapo nikaona kwamba swali la nia linatupotezea muda. Tunachopaswa kuuliza ni kama adhabu hii inaweza kuwa bei. Nadhani inaweza, kwa masharti matatu. Pande zote mbili ziwe zinaijua kabla. Ilipwe kwa yule yule aliyeumizwa. Na irudishe kitu kinacholingana na kilichochukuliwa.

Chukua ile robo fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010 mjini Johannesburg. Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mkono mpira uliokuwa unaingia golini dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Alipewa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay wakapita kwa matuta. Bei ilijulikana na ililipwa kwa aliyeumizwa, lakini haikulingana. Ghana walinyang'anywa goli, wakarudishiwa nafasi ya goli. Wanaomlaani Suárez mpaka leo wangetenda haki zaidi kama wangeilaani kanuni.

Kwa masharti hayo, dereva wangu hakunikosea. Kama kuna la kulaumu, ni kwamba mbili za meza ile ni bei rahisi. Kwa kanuni za WPA ningeubeba mpira mweupe na kuuweka ninapotaka, naye pengine asingethubutu. Na wanaoitetea snuka wana neno la kweli pia: watu wawili wakifaulo kwa zamu usiku kucha, hakuna tena mchezo. Ndiyo maana naipenda ile ngazi ya 14.1. Haikukatazi kununua, ila ukizidisha inakufilisi.

Faulo inayonitisha ni nyingine. Meza zetu nyingi hazina mwamuzi. Mkono wa shati ukigusa mpira, anayejua ni wewe peke yako. Hata kama hukukusudia kuugusa, ukinyamaza umeiba, kwa sababu umemnyima mwenzako bei yake. Kwa hiyo faulo ya makusudi iliyotangazwa inaweza kuwa safi kuliko faulo ya bahati mbaya iliyofichwa.

Wiki kadhaa baadaye dereva yule yule alinibeba kwenda chuoni. Foleni ilikuwa imesimama, akachepuka akaingia njia ya mwendokasi. Nikamwambia hapa haturuhusiwi. "Wakinikamata nitalipa hela yao, dada. Si faini tu?" Alisema kwa sauti ile ile ya "una mbili". Mbele yetu kulikuwa na kivuko, na mama mmoja mwenye kikapu alikuwa ameshaweka mguu barabarani, akitazama upande yanakotokea mabasi. Sisi tulitokea upande mwingine. Akarudi nyuma kwa kuruka, machungwa mawili yakamwanguka.

Hela ile, kama ingelipwa, ingekwenda serikalini. Yule mama hakukubaliana na mtu bei yoyote, asingepata hata senti, na goti lililovunjika halirudishwi kwa noti. Hakuwa mchezaji. Tulipofika getini nilimlipa dereva nauli yake, nikamwambia kwamba mezani anaweza kunifaulo siku yoyote na nitachukua mbili zangu, lakini kule barabarani hakuna aliyepewa mbili. Akacheka kwanza. Halafu akazima injini, akaniuliza nina maana gani.