Doa la Ukutani, Doa la Vazini

Nyumba za mbao za Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, huzeeka kwa hatua. Jua la nyanda za juu huipausha mbao mpaka iwe ya kijivu. Upande usioonja jua huota kuvu la kijani. Bati hukaa miaka halisemi kitu, kwa sababu lina ngozi ya zinki inayokinga chuma. Ngozi hiyo ikiliwa, kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na kushuka kwa michirizi ya rangi ya chungwa. Fundi cherehani akiutazama ukuta wa namna hiyo kwa muda, huona kitambaa: mistari, mabaka, nyuzi zilizolegea.

Wabunifu wa mavazi wameliona hilo kitambo. Mwaka 1993 Hussein Chalayan, mzaliwa wa Cyprus aliyekuwa akihitimu katika chuo cha Central Saint Martins, London, alizika nguo za hariri bustanini pamoja na chembe za chuma, akazifukua zikiwa na kutu. Mwaka 1997 Mbelgiji Martin Margiela alishirikiana na mtaalamu wa vijidudu kupandikiza bakteria, chachu na kuvu kwenye mavazi yake, yakawekwa nje ya vioo vya makumbusho ya Boijmans Van Beuningen mjini Rotterdam, yakabadilika rangi watu wakitazama. Kabla yao, Rei Kawakubo wa Japani alikuwa amekwisha kuishtua Paris kwa sweta zenye matundu ya makusudi. Waliosifu walisifu sana. Waliochukia walisema wameona manusura wa bomu.

Kibirichia ina sababu zake za kununa. Jinzi zilizochanwa magotini kiwandani hufika sokoni ndani ya marobota ya mitumba, na mzee aliyewahi kwenda shule na kaptura yenye viraka kwa kuwa hakuwa na nyingine haoni mchezo wowote hapo. Wamisionari wa Kimethodisti na wa Consolata, waliofika Meru mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta watu wenye heshima zao za mavazi, wakaongeza ya kwao: nguo ya Jumapili ifuliwe, ipigwe pasi ya makaa, isiwe na doa. Katika mazingira hayo, mtu anayebuni gauni kwa kuiga ukuta uliooza anaulizwa swali la maadili kabla ya kuulizwa la mitindo. Paa la jirani linavuja. Nani amekupa ruhusa ya kulivaa?

Ajabu ni kwamba Biblia ya hao hao wa nguo ya Jumapili ina sura mbili zinazowahusu wabunifu hawa moja kwa moja, ingawa ni nadra kusikika mimbarini. Mambo ya Walawi 13 na 14 huweka vazi na nyumba chini ya jicho la kuhani mmoja. Doa la kijani au jekundu likionekana kwenye sufu, kitani au ngozi, kuhani hulitazama, hukifungia kitu hicho siku saba, kisha hutazama tena. Likiwa limeenea, vazi huchomwa. Kama halikuenea, vazi hufuliwa na kufungiwa siku saba nyingine. Doa likififia, kipande chake hukatwa na vazi huokolewa. Nyumba nayo hufungwa, mawe yenye doa hutolewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa na kupakwa udongo mpya. Doa likirudi, nyumba hubomolewa. Tena kuna agizo dogo lenye huruma kubwa: kabla kuhani hajaingia kukagua, vyombo vyote vitolewe nje, ili mwenye nyumba asipoteze na vijiko vyake.

Kuhani huyo hajali kama doa linapendeza au linachukiza. Anataka kujua kama bado linakula. Kipimo hicho kinafaa kuliko hasira ya mzee na kuliko shangwe ya Paris, kwa sababu kinatenganisha vitu ambavyo macho huvichanganya. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yalihamwa katika karne ya 17 na tangu 2024 ni urithi wa dunia. Mwenye kuchora khanga kwa nyufa za misikiti yake hamnyang'anyi mtu makao, ingawa wako wakazi wa jirani wanaoamini kwamba mizimu bado ina nyumba humo. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ni kesi nyingine. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wakafa. Doa hilo lilikuwa bado linakula. Nyumba ya Kibirichia inayovuja juu ya kitanda cha mtoto iko upande huo huo, hata kutu yake iwe na rangi nzuri namna gani.

Kitambaa chenyewe nacho kina la kujibu. Kipande cha bati kuukuu kikilazwa juu ya pamba iliyoloweshwa siki, kutu huhamia kwenye nguo. Na kama nguo hiyo ilitangulia kuchemshwa na magome ya miwati, chuma hukutana na tanini na doa hugeuka jeusi. Hiyo ni kazi ya kweli ya uozo. Lakini nguo nyingi zinazouzwa kwa sura ya uchakavu ni poliesta iliyochapwa picha ya uchakavu, na zitadumu kuliko ukuta zinaouiga. Gunia limepitia njia hiyo hiyo. Mfalme wa Ninawi katika kitabu cha Yona alivaa gunia na kuamuru hata mifugo ivikwe, na gunia hilo lingeoza kama wao. Magunia ya plastiki yanayobeba viazi vya Kibirichia leo hayaozi. Huchanika tu, yakapepea kwenye seng'enge.

Huko Uganda iko jamii iliyolikabili jambo hili la uchakavu bila kuhitaji maonyesho ya mitindo. Makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi ni jengo la miti, matete na nyasi lililosimamishwa mwaka 1882, na ndani yake mapazia ya lubugo, nguo ya gome la mti, hulificha eneo ambako kabaka huhesabiwa kuwa ameingia msituni, hakufa. Ukoo wa Ngeye huezeka paa. Ukoo wa Ngonge hutengeneza lubugo. Vyote viwili huchakaa, na uchakavu wake ndio unaozipa koo hizo kazi kizazi baada ya kizazi. Moto wa Machi 2010 uliteketeza jengo, lakini ujuzi ulibaki mikononi mwa watu. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jose Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, hushona mavazi ya kisasa kwa lubugo.

Gome hilo hutoka kwa mtuba, mti wa jamii ya mikuyu. Huvuliwa kwa uangalifu, shina hufungwa majani ya mgomba, na gome jingine huota. Meru nako kuna ndugu yake, mugumo, ila huko ni mti wa ibada, na desturi inakataza kuutia panga. Mbunifu wa Kibirichia atakayetaka kujaribu atalazimika kuanza kwa wazee, na huenda wakamkatalia.